Usitie tiki hapo, chora duara kwanza

Hapana, futa hiyo tiki. Umeuliza jinsi ya kujua hitimisho lipi linafuata kutoka kwa kauli mbili kwenye maswali ya mantiki ya huo mtihani wa kazi, ukatoa mfano huu: wanaboda (waendesha bodaboda) wote wa Kondele huvaa reflekta, baadhi ya wanaovaa reflekta wako kwenye sako (chama cha akiba na mikopo). Hitimisho I, baadhi ya wanaboda wa Kondele wako kwenye sako. II, baadhi ya walio kwenye sako huvaa reflekta. Wewe umekubali yote mawili. La kwanza halifuati kabisa!

Badilisha maneno uone. Ngege wote ni samaki. Baadhi ya samaki ni mbuta. Je, kuna ngege aliye mbuta? Hakuna, hao ni samaki wa aina mbili tofauti. Muulize mama yeyote anayekaanga samaki Dunga, kule Kisumu. Kauli zote mbili ni kweli, hitimisho ni uongo, na umbo ni lile lile la wanaboda wako.

Sasa chukua penseli. Duara kubwa ni wavaa reflekta. Ndani yake, upande wa kushoto, duara dogo la wanaboda wa Kondele. La sako likate lile kubwa upande wa kulia bila kugusa dogo. Umevunja kauli gani? Hakuna, na bado hitimisho I limeanguka. Picha moja ya namna hiyo inatosha kulikataa. Hitimisho II linasimama kwa sababu palipo na mvaa reflekta aliye kwenye sako, pana mtu wa sako anayevaa reflekta. Huwezi kuchora vinginevyo.

Aliyetufundisha "ukiona wote na baadhi, jibu ni baadhi" alitukosesha alama za bure, na inaniuma kuona bado inafundishwa. Hiyo hukubali pale tu "baadhi" inapowaangukia wale waliotajwa kwa "wote": ngege wote ni samaki, baadhi ya vilivyo kwenye beseni ni ngege, basi baadhi ya vilivyo kwenye beseni ni samaki. Kwako imeangukia wavaa reflekta, si wanaboda.

Kauli zote mbili zikiwa "baadhi", au zote mbili "hakuna", usihangaike kuunganisha ncha, yaani yale makundi mawili yaliyotajwa mara moja moja tu. Ila angalia mtego huu: II ingekuwa "hakuna mwanaboda wa Kondele aliye kwenye sako", hakuna hata moja ambalo lingefuata peke yake, lakini lazima moja liwe kweli. Hapo jibu ni "ama I au II".

Chora yale maswali matatu mengine uliyoweka pamoja na hili, kila hitimisho ukijaribu kuliangusha, kisha uyarudishe hapa na picha zake.