Barua kwa Mwanangu: Mtoto Anayenyonya Bila Kuachia

Majengo, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Simu yetu ya juzi ilikatizwa na kilio cha huyo mume wangu mdogo, kwa hiyo nimeona nikujibu kwa maandishi, uweze kusoma hata ukiwa unamnyonyesha. Uliniuliza kwa nini mtoto wa wiki 6, aliyekuwa ameshazoea kunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, sasa anadai titi kila saa, hasa kuanzia magharibi hadi usiku wa manane, na kama ni kweli, kama anavyosema jirani yako, kwamba maziwa yako yamekwisha na heri ununue ya kopo.

Sidhani kwamba yamekwisha. Mtoto mchanga hakui kwa kipimo kilekile kila siku. Mwaka 1992 mtafiti Michelle Lampl na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwapima watoto urefu mara kwa mara, wakaeleza kwamba siku nyingi urefu hauongezeki kabisa, kisha ndani ya siku moja mtoto hurefuka nusu sentimita au zaidi. Ndiyo maana ovaroli iliyomtosha Jumapili huanza kumbana vidole vya miguu kabla hujaifua mara ya pili. Wauguzi huzitaja wiki ya 2 au ya 3, wiki ya 6, mwezi wa 3 na mwezi wa 6 kuwa nyakati ambazo njaa ya namna hii huonekana zaidi, ijapokuwa watoto hawafuati kalenda. Mara nyingi hutulia baada ya siku chache.

Jambo ambalo jirani yako halijui ni jinsi maziwa yanavyotengenezwa. Titi si tangi la maji ya mgao, ambalo likishakauka unangoja siku ya mtaa wenu ifike. Maziwa yakikaa titini, mwili hupunguza kuyatengeneza. Yakinyonywa, huongeza, na kule kunyonya kwenyewe huchochea prolaktini, homoni inayouambia mwili utengeneze maziwa, ambayo hupanda zaidi usiku. Kwa hiyo mtoto anayeng'ang'ania titi ndiye anayeagiza maziwa ya wiki ijayo, na ukimpa chupa siku hizi, agizo hilo halifiki. Usishtuke pia kwamba matiti yamelegea na hayavuji tena kama mwanzoni: karibu na wiki ya 6 hali hiyo ni ya kawaida, na imewafanya akina mama wengi kuacha kunyonyesha bila sababu.

Usihukumu kwa kilio. Hukumu kwa nepi na mizani. Akilowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, anapata maziwa. Tena wiki hii ni zamu yake ya chanjo, kwa hiyo atapimwa uzito. Mwombe muuguzi auweke kwenye mchoro ulio katika kijitabu chako cha kliniki, kisha utazame kama mstari wake unaendelea kupanda. Michoro ya namna hiyo ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 ilitokana na watoto walionyonyeshwa katika nchi sita, ikiwemo Ghana, kwa hiyo huna haja ya kumlinganisha na mtoto wa jirani, hata akiwa mnene kiasi gani.

Njaa ya kukua humfanya mtoto atake kunyonya; ugonjwa mara nyingi humfanya akatae. Akikataa titi, akilegea, nepi zikikaa kavu, utosi ukibonyea, au joto likifika nyuzi 38, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usingoje asubuhi. Maji ya glukosi, uji mwepesi na dawa za chango usimpe, hata akishauri mtu mzima. Mpaka miezi 6 maziwa yako yanamtosha.

Wewe kula vizuri, kunywa maji kila unapokaa kunyonyesha, na chakula cha jioni apike baba mtoto, maana hizo ndizo saa ambazo hutaweza kunyanyuka. Anajua kusonga ugali, asijifanye mgeni.

Ukifika kliniki nipigie ukiwa bado kwenye foleni, kisha unipigie tena akishapimwa, kwa sababu nataka kuujua uzito wake kabla ya huyo jirani yako.

Ni mimi mama yako.