Injini ya cc 196 nataka ifike mizunguko 6000 kwa dakika: nianze na pistoni au nitoe gavana?

SWALI: Fundi shikamoo. Najitengenezea kigari cha mbio mwenyewe, nimefunga injini ya pampu ya maji ya cc 196, hizi za kopi wanazoziita 6.5, yani nguvu za farasi 6.5. Inawaka vizuri ila imekabwa, haipiti mizunguko 3600 kwa dakika. Rafiki yangu kaniambia nitoe gavana, nichonge hedi milimita 1, niweke pistoni ya pikipiki yenye kichwa kirefu na kabureta kubwa, eti itafika 6000. Nianze na ipi? Na spea nazitafutaje, manake nikisema tu "6.5" napewa vitu haviingii.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako hajakudanganya, hivyo vyote vinaongeza nguvu kweli, ila amekupangia kinyumenyume. Kakuanzishia na kinachoua injini afu kinachoiokoa hajakitaja kabisa.

Hiyo gavana ni vizito vidogo vinavyozunguka humo ndani kwenye oili, kasi ikipanda vinatanuka na kusukuma mkono unaorudisha kabureta. Kiwandani hawakuiweka 3600 kwa ubahili. Konrodi iliyomo, yani mkono unaounganisha pistoni na krenki, ni alumini ya kusubu, flaiwili, lile gurudumu zito la kwenye krenki, ni chuma cha kusubu, na springi za valvu ni laini. Sasa piga hesabu na mimi: nguvu inayovuta konrodi pistoni ikifika juu inapanda kwa kasi mara kasi, yani 6000 gawa kwa 3600 ni 1.67, izidishe kwa yenyewe unapata karibu 2.8. Tuseme pistoni na pini yake na ringi zake ina gramu 250, na stroki, yani safari ya pistoni kutoka chini mpaka juu, ni milimita 54. Kwa 3600 konrodi inavutwa kama umeining'inizia mzigo wa kilo 130 hivi, kwa 6000 ni zaidi ya kilo 350, na pale mwisho wa kutoa moshi hakuna mgandamizo wowote wa kuipokea pistoni kwahiyo mzigo wote unabebwa na konrodi peke yake, mara 50 kila sekunde.

Ya kwanza niliyoitoa gavana mimi ilidumu mchana mmoja tu. Haikutoa onyo lolote, ilikuwa inalia vizuri mpaka nikawa naisifia kwa wenzangu, afu nikasikia "tak!" moja na oili ya moto ikanimwagikia viatuni. Konrodi ilikatika chini kidogo ya pini, kipande kilichobaki kwenye krenki kikatoboa bloku tundu la kupitisha vidole vitatu. Nilipookota kile kipande nikakiangalia pale kilipokatikia, nusu ilikuwa laini inang'aa na nusu ina chembechembe kama sukari. Ile laini ni ufa uliokuwa unatembea taratibu muda wote mimi najisifia, ile ya sukari ndo iliyoachia siku ile. Na hapo nashukuru ilikuwa konrodi, manake flaiwili ya kusubu ikipasuka kwenye kasi hiyo vipande vinapita kwenye kava kama karatasi, na wewe umeikalia hapo mbele yake.

Kwahiyo pesa yako ya kwanza inunue konrodi iliyochongwa kutoka kipande kizima cha alumini, ya pili flaiwili ya kuchongwa, ya tatu springi ngumu za valvu (wajenzi wengi wa injini hizi wanaweka zile za ratili 18), manake springi laini ikizidiwa valvu inaelea, haifungi kwa wakati, na unaweza ukakuta imegongana na pistoni. Hivyo vitatu vikishakuwa ndani ndo utoe gavana. Kama pesa haitoshi vyote, bakiza gavana yako na uendelee na mambo ya hedi, utapata nguvu zaidi kwenye hiyo hiyo 3600 na injini itaishi.

Sasa hedi. Usichonge milimita 1 kwasababu umeambiwa, pima kwanza. Silinda yako ikiwa 68 kwa 54, yani kipenyo kwa stroki, inameza cc 196. Mgandamizo wa kiwandani kwenye GX200 ya Honda, ambayo ndo hizi zimekopiwa, ni 8.5 kwa 1, maana yake nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni 196 gawa kwa 7.5 (8.5 toa 1), yani cc 26 na kidogo. Mdomo wa chemba ya hedi ukiwa na eneo la sentimita 30 za mraba, ukichonga milimita 1 unatoa cc 3, inabaki 23 hivi, unafika 9.5 kwa 1. Ni nzuri, na petroli ya kawaida inaivumilia. Lakini ujazo wa chemba usiukisie: geuza hedi ikiwa na valvu na plagi, ilaze sawasawa, funika na kioo chenye tundu dogo, jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano uone zimeingia cc ngapi. Kuna wengine hawachongi kabisa, wanaweka gasketi nyembamba tu: ukipunguza nusu milimita kwenye gasketi ya silinda ya 68 umetoa cc 1.8 na umefika 9 kwa 1 bila kumlipa mkerezaji. Mimi kwa mtu anayeanza ndo napenda hii, manake gasketi unaweza kuirudisha, chuma kilichochongwa hakirudi.

Ila kumbuka hedi ikishuka valvu nazo zimesogelea pistoni, na fito za kusukumia valvu zimekuwa kama zimerefuka. Kwahiyo lazima uweke upya nafasi za valvu injini ikiwa baridi, 0.15 ya kuingiza na 0.20 ya kutoa. Kabla ya kuwasha bandika udongo wa kuchezea wa watoto juu ya pistoni, funga hedi na gasketi yake, zungusha kwa mkono mizunguko miwili, fungua, kata ule udongo kwa wembe upime pale palipobanwa na valvu. Pembeni weka waya wa kulehemia wa risasi, nao utakwambia pistoni inakaribia hedi kiasi gani. Ikiwa chini ya milimita 0.8 mimi siwashi, manake alumini inarefuka ikipata moto na kasi.

Tuje kwenye pistoni ya pikipiki na haya mambo ya kutafuta spea, hapa ndo watu wanatupa pesa. Jina "6.5" halina maana yoyote dukani. Kuna kopi za 68 kwa 54 ambazo ni cc 196, kuna za 70 kwa 55 ambazo ni cc 212, na kwa nje zinafanana kama mapacha. Hata GX160 ina silinda hiyo hiyo ya 68 ila stroki ni 45, krenki inapandisha pistoni pungufu kwa milimita 4.5, na hizo 4.5 lazima zifidiwe mahali, iwe konrodi, bloku au kimo cha pistoni. Kwahiyo "ni 68 hii hii" haitoshi. Nenda na venia, kile kipimo cha milimita cha kubana, na pistoni yako ya zamani mkononi. Linganisha kipenyo ukipima kwenye sketi upande usio na pini, kipenyo cha pini, kimo kutoka katikati ya pini mpaka kichwani, unene wa ringi, na mashimo ya valvu pale juu yamekaa wapi. Kimo kikizidi hata milimita 1 unajua tayari kitakachotokea. Pini ikiwa nyembamba kuliko tundu la konrodi iache hapo hapo dukani, bushi ya kienyeji kwenye 6000 ni kifo. Ipime na kilo pia, pistoni nyepesi inaipa konrodi nafuu, nzito inaharibu ile hesabu yetu ya mwanzo yote.

Beringi na sili za kuzuia oili ndo rahisi kuliko zote na watu bado wanauliza kwa jina la injini! Beringi imeandikwa namba, 6205 ni 25 kwa 52 kwa 15 popote duniani, C3 ikifuata maana yake ina uwazi mkubwa kidogo ndani, nunua yenye C3 kama ya zamani ilikuwa nayo. Sili nayo ina namba tatu: tundu la ndani, kipenyo cha nje, unene.

Kabureta kubwa niliiacha mwisho makusudi. Anza na hiyo uliyonayo, ukifungua ekzosi na filta ongeza jeti kuu, kile kitundu cha kupimia petroli kwenye kabureta, hatua moja, kimbiza kwa nguvu dakika chache, zima ghafla ukiwa bado umekandamiza, chomoa plagi. Rangi ya biskuti uko sawa, nyeusi yenye masizi punguza jeti, nyeupe usiwashe tena mpaka uongeze, manake hapo pistoni inaungua. Na oili iwe imejaa kila siku, humo hakuna pampu, ni kijiko tu kwenye konrodi kinachorusha, ukikata kona kali na oili pungufu kijiko kinachota hewa.