Maswali ya Wasomaji: Pumzi Imepatikana, Mbona Miguu Inauma?

Barua tulizozichagua safari hii zimetoka kwa wasomaji watatu walioanza kukimbia hivi karibuni. Ya kwanza imepewa nafasi kubwa zaidi kwa sababu inagusa jambo linalowakatisha tamaa wanaoanza wengi.

SWALI: Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nafanya kazi ya ofisini Dar es Salaam. Wenzangu kazini wamejiandikisha kukimbia kilomita 21 kule Moshi, nami nikaamua kujiunga nao. Mwanzoni nilikuwa nakimbia dakika chache tu pumzi inakata, lakini nilijikaza kila siku hadi nikaweza nusu saa nzima bila kusimama. Sasa pumzi ninayo, ila magoko yote mawili yananiuma, hasa ninapoanza kukimbia. Je, mwili wangu haukuumbwa kwa mbio? (Msomaji, Kinondoni)

JIBU: Dada msomaji, mwili wako unafaa kwa mbio, na kilichokuponza ni jambo ambalo kwa kawaida tungelifurahia, yaani pumzi yako kuimarika haraka. Moyo, mapafu na damu huanza kuzoea kazi mpya ndani ya wiki chache, ndiyo maana mtu aliyekuwa akitweta kabla ya kufika kona ya mtaa hujikuta baada ya muda mfupi anamaliza nusu saa bila taabu. Mifupa na kano haviendi kwa kasi hiyo. Vyenyewe vinahitaji miezi kadhaa ya kuongezewa mzigo kidogo kidogo, tena kwa kupumzishwa, kwa kuwa mfupa unaopokea kishindo cha lami hubomoa kwanza chembe zake zilizochakaa ndipo ujenge mpya zilizo imara, na asiyeupa siku ya kupumzika huuzidishia ubomoaji kabla ujenzi haujakamilika. Kwa hiyo pumzi inakuambia uongeze mwendo wakati magoko bado hayajawa tayari, na wewe, kama wengi, umeisikiliza pumzi peke yake.

Kabla ya lolote lingine, jichunguze hivi. Keti kwenye kiti, kunja goti, kisha pitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko, kuanzia juu ya kifundo cha mguu kuelekea goti. Iwapo maumivu yametanda eneo refu la sentimita 5 au zaidi, na hupungua mwili ukishapata joto, hayo ndiyo maumivu ya kawaida ya mkimbiaji mpya, na mara nyingi hutulia mtu akipunguza mbio kwa wiki chache. Iwapo kuna mahali pamoja padogo panapouma sana ukipabonyeza, na panauma hata unapotembea au unapolala usiku, acha kukimbia kabisa umwone daktari, kwa maana huenda mfupa umeanza kupata ufa. Mweleze waziwazi kwamba umeanza kukimbia karibuni, kwa sababu ufa wa namna hiyo mara nyingi hauonekani kwenye picha ya eksirei katika siku za mwanzo.

Tukichukulia kwamba yako ni yale maumivu ya kawaida, tiba yake kubwa ni kupunguza kasi na kukimbia siku tatu kwa wiki badala ya saba. Kasi inayofaa si ngumu kuijua, na waliosoma shule za msingi Tanzania walifundishwa kipimo chake bila kuambiwa kuwa ni kipimo. Katika mchakamchaka wa asubuhi mmoja alianzisha wimbo na wengine wakaitikia huku wote wakikimbia, na wimbo ule ulihitaji pumzi, hivyo kundi zima lililazimika kwenda kwa mwendo unaomwezesha mtu kuimba. Rudia kipimo hicho leo. Ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kukatika, umepita kasi yako, hata kama mwenzako aliye kando yako anaongea vizuri kwa mwendo huo huo. Naona vikundi vingi vya jogging vikitoka kwa kishindo siku ya Jumamosi, mgeni akivutwa na wazoefu kwa kuogopa kuachwa nyuma, na kwa maoni yangu hapo ndipo wengi wanapoumizwa. Kundi jema humpa mgeni mtu wa kwenda naye taratibu.

Wala kwenda polepole si aibu ya wanaoanza. Wanariadha wa Iten na Kaptagat nchini Kenya, ambao mashindanoni hukimbia kilomita moja kwa takriban dakika 3, katika mazoezi yao mepesi huanza kwa mwendo wa zaidi ya dakika 5 kwa kilomita, mwendo ambao watu wengi wa kawaida wenye mazoezi kiasi wangeweza kuumudu. Wao wanaotegemea miguu kwa riziki hawaitumii kwa nguvu zote kila siku, sembuse mimi na wewe tunaotoka kwenye kiti cha ofisi.

Kwa hiyo maumivu yakishatulia, anza upya kwa kuchanganya kutembea na kukimbia. Upo mpango mashuhuri wa wiki 9 uliotungwa na Mmarekani Josh Clark mwaka 1996 kwa ajili ya watu wasio na mazoezi, na wiki yake ya kwanza ni nyepesi mno: unatembea kwa haraka dakika 5, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, ukirudia hivyo kwa dakika 20, siku tatu kwa wiki zenye mapumziko katikati. Utaona kwamba pumzi yako inataka zaidi ya hapo. Usiitii. Kumbuka vilevile kwamba joto la Dar es Salaam lina unyevu, jasho halikauki upesi na moyo hupiga kasi zaidi kwa kazi ile ile, hivyo toka saa 11 au 12 alfajiri, ukiwa na mwenzako na mahali penye mwanga, na kunywa maji kadiri ya kiu bila kujilazimisha kumaliza chupa kubwa.

Kuhusu Moshi, nakusihi usikimbie kilomita 21 kwa sababu tu wenzako wamejiandikisha. Katika siku ile ile huwa kuna mbio za kilomita 5, nazo ndizo zinazolingana na miguu yako kwa sasa. Kilomita 21 zitakuwepo mwaka unaofuata.

SWALI: Uwezo wangu ni wa viatu vya mitumba tu. Je, ni hatari kukimbia navyo? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Si hatari ukijua kuchagua, na raba nzuri ya mtumba ni bora kuliko mpya ya bei ndogo yenye soli ngumu kama ubao. Omba muuzaji akuruhusu kuviweka viatu vyote viwili juu ya meza iliyo sawa, kisha uviangalie kwa nyuma, usawa wa macho. Kisigino kilichoinama upande mmoja kimeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine, kiache. Halafu bonyeza kwa kidole gumba ile sehemu laini iliyo kati ya soli na kitambaa. Ikiwa imejaa mikunjo na haibonyei, kiatu kimekwisha kazi hata kama juu kinang'aa, kwani kiatu cha kukimbilia kwa kawaida hudumu kilomita 500 hadi 800 tu. Mwisho vaa vyote viwili ukiwa umesimama, na uhakikishe mbele ya kidole kirefu inabaki nafasi ya upana wa kidole gumba, maana mguu huvimba kidogo wakati wa mbio na kucha zisizo na nafasi huwa nyeusi.

SWALI: Nimeanza kukimbia na mwezi wa Ramadhani unakaribia. Niache mpaka Idi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Huna haja ya kuacha kabisa ikiwa una afya njema, ila mwezi huu uwe wa kulinda ulichokwisha kupata na si wa kuongeza. Wakati mzuri ni ama nusu saa ya mwisho kabla ya futari, kwa mwendo mwepesi sana na karibu na nyumbani, ili ufikapo ukute maji, au baada ya tarawehe chakula kikiwa kimeshatulia tumboni. Asubuhi baada ya daku haifai kwa anayeanza, kwa sababu utapoteza maji kwa jasho na kukaa nayo kiu hiyo mpaka magharibi. Ukihisi kizunguzungu, simama na uketi kivulini. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au ujauzito amwone daktari wake kwanza.