Kontrola ya gia haifufui klachi iliyokwisha

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Prado ya 1998, injini 1KZ-TE, oto. Inavuta tela la mahindi kati ya Mafinga na Makambako. Siku hizi gia ikitoka ya pili kwenda ya tatu, mshale wa injini unaruka juu kwanza, halafu gia inashika kwa kishindo. Fundi wa huku anasema kompyuta ya gia imechoka, nifunge kontrola ya kisasa kutoka nje, ile ya kuchagua gia kwa vitufe, eti inaiongezea giaboksi nguvu. Ninunue? Na niiseti vipi ili gia zishike haraka?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Na hilo la kuiseti liache kabisa, kwa sababu ugonjwa ulioueleza hauna seti.

Swali hili linanifikia karibu kila wiki, jina la gari tu ndilo linalobadilika, na kila mara nyuma yake kuna mtu aliyemwambia mwenye gari kwamba kompyuta ndiyo inayoshika gia. Haishiki. Giaboksi yako ni A343F, ndugu wa A340, na kompyuta yake hubadili gia kwa solenoidi mbili tu za kuwasha na kuzima, yaani valvu ndogo za umeme. Gia ya kwanza, namba moja ina umeme na namba mbili haina. Ya pili, zote zina umeme. Ya tatu, namba mbili peke yake. Ya nne, zote zimezimwa. Kazi yake imeishia hapo: kuifungulia oili njia. Nguvu ya kubana plati za klachi, zile zinazoshikisha gia humo ndani ya giaboksi, inatoka kwenye pampu, na kiasi cha presha hiyo kinapangwa na valvu inayovutwa na kebo kutoka kwenye throto, ule mlango wa hewa ya injini. Ukifunga kontrola ya bei yoyote ile, hutaongeza hata chembe ya presha kuu. Zipo giaboksi ambazo presha yake huongozwa na solenoidi, kama 4L60-E ya GM, na huko kontrola inaweza kuipandisha. Wauzaji wamelisikia hilo la gari la Kimarekani, wakalibeba zima zima mpaka kwenye Prado yako.

Hakikisha mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa, chomoa soketi ya waya za solenoidi ubavuni mwa giaboksi. Hapo hakuna kompyuta tena, si ya Toyota wala ya dukani. Acha tela nyumbani, tafuta barabara tupu. Mkono wa gia ukiwa L utapata gia ya kwanza, ukiwa 2 utapata ya tatu, ukiwa D utapata ya nne. Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ikipepesa isikutishe, inalalamikia soketi. Anza na L, gari likishachanganya kidogo peleka mkono kwenye 2, kisha kanyaga mafuta taratibu. Mshale ukipanda huku gari halisogei inavyotakiwa, basi gia ya tatu inateleza bila kompyuta yoyote kuhusika. Kompyuta mpya itaitibu nini?

Ushahidi mwingine ni rivasi. Klachi inayoingia gia ya tatu inaitwa C2, na hiyo hiyo ndiyo inayotumika kurudi nyuma. Kesho asubuhi gari likiwa la baridi, weka R. Ikichelewa kushika, au ukilazimika kukanyaga mafuta ndipo gari lirudi, C2 inakuaga.

Kabla hujashusha giaboksi, angalia vitu viwili. Kwanza oili: giaboksi iwe imepata moto, injini inaunguruma, pitisha mkono kwenye gia zote urudi P, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia. Ikiwa pungufu, pampu inanyonya hewa. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hiyo ni klachi imeyeyukia humo. Aina yake ni Dexron II au III, usikubali oili ya dumu lisilo na jina. Pili, ile kebo. Zima injini, mtu akanyage pedeli ya mafuta hadi mwisho, wewe tazama kidude kilichobanwa kwenye waya wake pale kwenye throto: nafasi kati yake na ncha ya mpira iwe kati ya 0 na milimita 1. Kuna mafundi huilegeza ili gia ziingie laini, mteja afurahi. Presha inashuka, na kwa gari linalovuta tela, klachi zinaungua kimyakimya.

Kama kwenye jaribio la soketi gia ya tatu ilishika vizuri, hapo ndipo tuzungumzie umeme. Pima solenoidi hizo mbili, kila moja isome kati ya omu 11 na 15, na soma kodi za hitilafu kwenye kompyuta: 62 ni solenoidi namba moja, 63 ni namba mbili. Kinachobadilishwa ni solenoidi au waya uliokatika.

Niliwahi kuletewa Surf iliyofungwa kontrola kwa ugonjwa kama wako. Mwenyewe alikuwa anabonyeza vitufe na kuiruka gia ya tatu kadiri alivyoweza, miezi mitatu. Nilipofungua sampu, ile trei ya oili chini ya giaboksi, sumaku zake zilikuwa zimefunikwa tope la kijivu, plati za C2 zimebaki bati tupu, na vyuma katikati yake vimegeuka bluu kwa moto. Kazi iliyokuwa ya plati na sili ikawa ya kutafuta na ngoma yake pia, lile kopo linalobeba plati.

Sisemi kontrola hizi ni takataka. Mtu aliyebadilisha injini, kompyuta ya zamani haina tena pa kusoma throto, anaihitaji kweli. Anayevuta mzigo kwenye mlima kama Kitonga anaweza kunufaika na ile ya kufunga loku ya toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi; loku huviunganisha moja kwa moja), kwa sababu inapunguza joto na inaipa injini nafasi ya kulizuia gari kwenye mteremko. Lakini giaboksi iwe nzima, na loku iachie unapokanyaga breki, la sivyo injini itazima ukisimama.

Kinachoniuma zaidi ni waya. Ili kufunga dude hilo wanakata waya za kiwandani, wanaunganisha kwa gundi ya umeme, rangi hazilingani, na kompyuta ya zamani inauzwa siku hiyo hiyo. Kama wewe unayesoma umeshafungiwa, nenda leo kwa aliyekufungia ukadai kompyuta yako na vipande vya soketi alivyokata. Weka kabatini. Atakayefungua giaboksi hiyo kwa haki atavihitaji.