Rangi inabanduka kwenye chambo cha plastiki: tatizo si brashi

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Majengo, Moshi, na wikendi huwa nashuka bwawa la Nyumba ya Mungu kuvua kambale. Vyambo vya plastiki laini ni vya kuagiza na bei yake si ya mchezo, kwa hiyo nayeyusha vichakavu nilivyopewa na wageni, namimina kwenye kalibu ya jipsamu, kisha napaka rangi ya mafuta ile ya milango. Rangi inakaa wiki nzima inanata, halafu inabanduka. Vyambo vingine vinatoka na vitobo tele. Rafiki yangu ananishauri nichanganye na vipande vya yeboyebo ili plastiki iongezeke. Naomba msaada.
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba kijana wangu. Habari ya yeboyebo tuimalize haraka: usithubutu. Viatu hivyo vina plastiki ya aina nyingine, vingi vimetiwa povu, na hujui kiwandani wamechanganya nini. Hata katika hivyo vichakavu vyako, chagua. Vile vinavyovutika sana kama mpira na kurudi bila kukatika mara nyingi si PVC, ile plastiki ya vyambo laini vya kawaida. Viweke mbali kabisa, maana vikilala pamoja na vya PVC vyote vinaweza kuyeyuka vikawa uchafu unaonata.

Sasa rangi, maana hapo ndipo penye kesi. PVC yenyewe ni ngumu, ndiyo ile ya mabomba ya maji. Kinachoilegeza mpaka ikacheza majini ni kilainishi, kimiminika chenye asili ya mafuta, na kwenye chambo laini kilainishi huwa kingi kuliko PVC. Hakijaungana nayo kikemia, kimeshikiliwa tu ndani yake, kwa hiyo kinahama polepole kuelekea chochote kinachogusana nacho. Ukipaka rangi ya mlango, kilainishi kinapanda kinaingia kwenye rangi na kuilegeza. Ndiyo maana wiki imepita na bado inanata. Hata ile sehemu iliyofanikiwa kukauka ni ngumu, chambo kinapinda, yenyewe haipindi, inapasuka. Kubadilisha brashi, kusugua kwa msasa au kupaka mikono mitatu hakutakusaidia. Rangi ya chambo laini inatakiwa iwe ndani ya plastiki, au iwe ya plastiki hiyohiyo.

Njia rahisi ni kutia rangi kabla ya kumimina. Plastiki mpya ya kutengenezea vyambo inaitwa plastisoli: ni chembe za PVC zilizoelea kwenye kilainishi, nyeupe kama maziwa. Ya vyambo utalazimika kuagiza, lakini ndugu yake wa karibu unaye mjini: mafundi wanaochapa fulana wengi wanatumia wino wa plastisoli. Mwombe mmoja akugawie kidogo, mweusi na wa kijani. Matone machache kwenye plastiki yako yanatosha kuanzia, maana wino umejaa rangi na vijazio, na ukizidisha chambo kinakuwa kigumu na kizito. Usijaribu kuupaka juu ya chambo kilichokwisha tayari ukategemea jua la Moshi. Wino huo haukauki kwa upepo, unaiva kwa joto la nyuzi 160 hivi.

Ukitaka mgongo mweusi na tumbo jeupe, mimina mara mbili. Tengeneza kalibu ambayo chambo kimelala chali, mgongo chini. Mimina mstari mwembamba wa plastiki nyeusi, tazama uso wake: ukiacha kung'aa kama maji lakini bado una moto, mimina nyeupe juu yake. Ukiwahi, rangi zinachanganyika. Ukichelewa mpaka ya kwanza ipoe, tabaka mbili hazishikani, utaziachanisha kwa kucha. Kikipoa, kivute kwa nguvu pale zinapokutana. Kikikatika mahali pengine, umepatia. Macho nayo bandika au chora, kisha kichovye chambo kwa sekunde moja kwenye plastiki ya moto isiyo na rangi, ipate ngozi nyembamba ya kuyafunika.

Vitobo vyako ni unyevu, karibu nina hakika. Jipsamu ya mafundi wa dari inafaa sana, ila ikishaganda inabaki na maji mengi ndani hata kama uso unaonekana mkavu. Ukimimina plastiki yenye joto la nyuzi 170 juu yake, maji yanageuka mvuke papo hapo na kutafuta pa kutokea, nako ni katikati ya chambo chako. Bahati mbaya zaidi, plastiki inaweza kukurukia usoni. Njia ya uhakika ya kujua kalibu imekauka ni mizani ya jikoni. Ipime leo, ipime kesho, na keshokutwa. Uzito ukiacha kushuka, imekauka. Wakati wa masika, au Julai huku kwetu Arusha, hilo linaweza kuchukua muda mrefu kuliko unavyodhani. Usiharakishe kwa kuiweka juu ya mkaa, jipsamu ikizidi moto inageuka unga tena. Joto la nyuzi 50 hivi, karibu na oveni iliyokwisha kuzimwa, linatosha.

Ikishakauka, izibe. Chukua gundi nyeupe ya mbao, ichanganye na maji nusu kwa nusu, paka mikono miwili au mitatu myembamba, kila mmoja ukauke kabisa. Hapo chambo kinatoka na uso unaong'aa na kalibu haimeguki mapema. Kabla ya kumimina, futa ndani kwa mafuta kidogo ya kupikia.

Kuhusu moto, hukuniambia unatumia nini, ila kwa kuwa uko Moshi nahisi ni jiko la mkaa. Mkaa hauna adabu, huwezi kuupunguza ghafla. Tafuta jiko dogo la gesi, weka sufuria yenye mchanga mkavu juu yake, na kopo lenye plastiki ya kuyeyusha lizame ndani ya mchanga. Nunua kipimajoto kinachofika walau nyuzi 250. Plastisoli mpya utaiona ikianza nyeupe, inakuwa nzito kama uji mpaka utadhani imeharibika, halafu ikikaribia nyuzi 170 inalegea na kuwa angavu. Hapo mimina. Vyambo vya kurudia havipiti hatua ya weupe, vinalainika tu mpaka vitiririke. Koroga polepole kwa kijiti cha chuma kikavu, ukipiga kama mayai unaingiza hewa.

Ikianza kuwa ya njano, uko karibu na nyuzi 200, toa motoni mara moja. PVC ikiungua inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayochoma macho na mapafu. Ukiona moshi mweupe na harufu kali, usiinamie kuangalia, zima gesi na usogee upande upepo unakotoka. Kazi hii ifanyie nje, na miwani, glavu nene na viatu vya kufunika, watoto wakiwa mbali. Kopo na mchanga huo visirudi jikoni kwa mama. Najua utaniambia kwamba Nick Creme na mkewe Cosma, Wamarekani waliobuni chambo cha mnyoo wa plastiki, walikipika kwenye jiko la nyumbani kule Akron, Ohio, mwaka 1949. Ni kweli, lakini wewe tumia uwanja.

Kwa kambale usijitese sana na rangi. Maji yakiwa na tope, au ukivua usiku, anategemea sharubu na mtikisiko kuliko macho. Chambo cheusi chenye mkia mwembamba unaopepea kitakupa zaidi ya kile ulichokichora magamba.

Vyambo vihifadhi vikiwa vimenyooka, na kila rangi peke yake, kwa sababu nyeusi itaingia kwenye nyeupe. Kopo lenye alama ya 2, 4 au 5 ndani ya pembetatu chini yake linafaa. Lenye 6 litayeyushwa na kilainishi.

Vile ulivyokwisha kuvipaka rangi ya mlango usivitupe. Kwangua rangi yote, katakata, yeyusha upya, na kama plastiki imekuwa ngumu ongeza kilainishi kijiko kimoja kimoja huku ukijaribu tone lililopoa. Ikishakuwa ya kahawia, haifai tena, na isitupwe bwawani wala kwenye moto wa takataka.