Binti yangu alihitimu bila kuupasi mtihani wa Kiingereza

Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Texas aliniandikia ujumbe mfupi uliojaa aibu, kana kwamba ni yeye aliyefeli. Kijana wake yuko darasa la kumi na mbili na amefaulu masomo yake yote, lakini mtihani wa jimbo wa Biolojia umemshinda mara tatu, na mtu mmoja shuleni amemshauri aache shule akafanye GED, mitihani ya kupata cheti kinachohesabiwa sawa na cha kumaliza sekondari. "Mwalimu," ameandika, "ndiyo basi?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta bado naandika usiku wa manane, kwa sababu swali lake lilikuwa langu mwaka jana, na sijalisahau.

Kwa wasomaji wa majimbo mengine, nieleze kwanza hali ya hapa. Katika Texas mwanafunzi wa sekondari hapati diploma, yaani cheti cha kuhitimu sekondari, kwa kufaulu masomo pekee. Hutakiwa pia kufikia kiwango katika mitihani mitano ya jimbo iitwayo STAAR, yaani Aljebra ya Kwanza, Kiingereza cha Kwanza, Kiingereza cha Pili, Biolojia na Historia ya Marekani. Mpango huo ulipoanza mwaka 2012 mitihani ya sekondari ilikuwa 15, na sheria ya mwaka 2013 ikaipunguza kuwa 5. Aliyefeli huweza kurudia Desemba, majira ya kuchipua, au Juni. Asipofanikiwa, shule inaweza kumpa cheti cha kukamilisha masomo, karatasi nzuri yenye mhuri ambayo si diploma.

Mimi nilifundisha hisabati katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, katika shule zilizofuata mtaala wa Kongo. Kwetu mtihani wa kumaliza sekondari ulikuwa mmoja, Exetat. Ulikuja mara moja kwa mwaka, na aliyeanguka alisubiri mwaka mzima ili aujaribu tena. Hakuna mzazi aliyekwenda kwa mkuu wa shule kuuliza kama upo mtihani mwingine unaoweza kuhesabiwa mahali pa ule. Angechekwa, au angedhaniwa amekuja na bahasha. Nilikuja Marekani na malezi hayo, na nakiri kwamba nilijivunia. Binti yangu alipofeli Kiingereza cha Pili kwa mara ya kwanza, nilimwambia asome zaidi. Alipofeli mara ya pili, nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti kubwa zaidi.

Alama inayotakiwa katika mtihani huo ni 3775. Binti yangu aliufanya akiwa darasa la kumi, akaurudia Juni, akaurudia Desemba, akaurudia tena mwaka uliofuata, na kila mara aliikaribia alama hiyo bila kuifikia. Darasani alikuwa akipata B. Kiingereza ni lugha yake ya nne, baada ya Kibembe, Kiswahili na Kifaransa, na katika insha bado alikuwa akipanga mawazo yake kwa Kiswahili kabla ya kuyavusha.

Mwezi Septemba 2024 niliitwa shuleni. Mkalimani hakuwapo, nami sikumwomba, kwa kuwa mtu aliyewahi kuitwa mwalimu huona haya kukiri kwamba haelewi. Basi binti yangu akaketi katikati yetu, akawa anatafsiri habari za kushindwa kwake mwenyewe. Mshauri wa wanafunzi alizungumza kwa muda mrefu, na alipomaliza, binti akanigeukia na kusema, "Baba, anasema nijitahidi kidogo." Nikashukuru, nikatia saini karatasi tatu. Tulipofika kwenye maegesho ya magari ndipo alipolia, akaniambia kwamba karatasi mojawapo ilisema nimeelezwa juu ya cheti cha kukamilisha masomo. Nilikuwa nimeitia saini kwa kalamu yangu mwenyewe, ile niliyokuwa nikisahihishia.

Aliyenifumbua macho hakuwa mtu wa shule. Alikuwa mfanyakazi mwenzangu katika kiwanda cha nyama hapa Amarillo, Msomali mwenye wavulana wawili, ambaye wakati wa mapumziko ya saa nane usiku aliniuliza kwa nini sili. Nilipomweleza, akaniambia, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba mwanawe mkubwa alipita kwa TSIA.

TSIA ni mtihani ambao vyuo vya umma vya Texas hutumia kupima kama mwanafunzi yuko tayari kwa masomo ya chuo, na toleo lake la sasa, TSIA2, lilianza Januari 2021. Sheria ya jimbo inasema kwamba mwanafunzi aliyerudia Aljebra ya Kwanza au Kiingereza cha Pili na bado akafeli, akipata alama ya utayari katika somo linalolingana la TSIA, huhesabiwa kuwa ametimiza sharti la mtihani huo. Someni tena neno "aliyerudia". Binti yangu alilitimiza tangu Juni ya darasa la kumi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mlango huo ulikuwa wazi, na kila mtu katika ofisi ile alikuwa akimhimiza ausukume ule mwingine. Sisemi kwamba walimficha kwa makusudi. Nasema tu kwamba nilikaa mbele yao, na hakuna aliyeutaja.

TSIA si mtihani wa kubahatisha. Sehemu ya Kiingereza ina maswali 30 kwenye kompyuta, yanayopanda au kushuka ugumu kwa kadiri unavyojibu, kisha insha ya kutetea hoja yenye maneno 300 hadi 600. Njia ya kawaida ya kufaulu ni kupata 945 katika maswali na angalau 5 kati ya 8 katika insha. Lakini hauna saa inayokukimbiza, na tuliweza kupanga siku nyingine bila kusubiri msimu wa mitihani ya jimbo. Mazoezi ya miezi ile sitayasimulia, maana hata mimi yalinichosha. Mara ya kwanza insha ilipata 4. Mara ya pili alipata 951 katika maswali na 5 katika insha, na Mei 2025 akapanda jukwaani akiwa na joho na kofia, akapewa diploma ile ile waliyopewa wenzake. Hakuna mahali popote juu yake palipoandikwa kwamba alipitia njia nyingine. Nimeichunguza mbele na nyuma.

Sasa nirudi kwako, mama. TSIA haitamsaidia kijana wako, kwa sababu haigusi Biolojia. Jimbo hukubali pia alama fulani za mitihani kama SAT na ACT, ile ya kuombea chuo, na AP, ile ya masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari, kwa masomo yanayohusika, lakini kwa Biolojia utahitaji kitu kama AP ya somo hilo, na kwa mtoto aliyekwisha fika darasa la kumi na mbili hilo si jambo la haraka. Njia yake ni kamati ya kuamua kuhitimu kwa mwanafunzi mmoja mmoja, ambayo kwa Kiingereza huitwa Individual Graduation Committee, na shuleni watu husema IGC tu. Iliwekwa na sheria ya mwaka 2015, ikafanywa ya kudumu mwaka 2021, na ni ya wanafunzi ambao hawajafaulu mitihani isiyozidi miwili kati ya ile mitano. Huketi mkuu wa shule au mwakilishi wake, mwalimu wa somo, kiongozi wa idara, na mzazi. Mwanafunzi hupewa masomo ya ziada pamoja na mradi au mkusanyo wa kazi zake, kisha kamati huamua, na uamuzi wa kumhitimisha lazima uwe wa wajumbe wote. Elewa vizuri maana yake: wewe ni mjumbe mwenye kura, si mgeni anayekuja kupewa taarifa.

Kuhusu GED, siidharau hata kidogo. Ilianzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya wanajeshi waliokatizwa masomo, na imewainua watu wengi niwajuao. Ina mitihani minne, na kila mmoja hutaka alama 145. Lakini hufanywa kwa Kiingereza au Kihispania, kwa hiyo haimwondolei mtoto wetu mzigo wa lugha, na kumtoa darasani kijana aliyebakiza mtihani mmoja ili akafanye minne ni hesabu ambayo mimi, mwalimu wa hisabati, siielewi.

Wazazi wenzangu, ulizeni. Ulizeni kwa maandishi, ili jibu nalo lije kwa maandishi. Msitoke ofisini kabla ya kuuliza, "Ni kitu gani kingine kinachoweza kuhesabiwa badala ya mtihani huu?" Ombeni mkalimani, kwa kuwa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazibana shule zinazopokea fedha za serikali kuu zizungumze na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mtoto wenu asiwe mkalimani wa habari zake mwenyewe, hata akijitolea. Walio New Jersey, Washington au kwingineko waulize sheria za kwao, kwa sababu kila jimbo lina zake: Massachusetts wananchi walipiga kura Novemba 2024, wakaliondoa kabisa sharti la kupasi mtihani wa jimbo ili kuhitimu. Na hapa Texas imepitishwa sheria ya kuibadilisha STAAR kuanzia mwaka wa masomo wa 2027–28, ila mtoto aliye darasa la kumi na mbili leo hawezi kuingoja.

Mama, Jumatatu nenda shuleni na ombi la IGC lililoandikwa na kutiwa tarehe, ubaki na nakala. Wakikupa karatasi yoyote ya kutia saini, chukua uende nayo nyumbani. Zamu yangu huisha saa kumi na moja alfajiri. Nipigie baada ya hapo, tuisome pamoja.