Kabla ya Kuongeza Triga, Ulizeni Adui Anatii Amri Gani

Wadogo zangu wa Bukavu, nimecheza ramani zenu zote za mchezo wa kompyuta wa Warcraft III mlizoniachia kwenye fulashi, za Kadutu na za Nguba. Ardhi mmeipanga kwa moyo. Kuna mmoja amechora ziwa lenye kisiwa kirefu katikati, nikaitambua Idjwi papo hapo, nikafurahi kweli. Halafu wimbi la kwanza la adui likatoka kwenda kushambulia ngome, na nikaona yale yale. Adui wanafika nusu ya njia wanageuka nyuma. Wengine wanamfukuza shujaa mmoja ramani nzima huku ngome haina hata mkwaruzo. Na ujumbe wenu unafanana: "Yaya, AI ya mchezo huu ni mbovu."

AI, yaani akili inayowaongoza askari wa kompyuta, si mbovu. World Editor, programu mnayotengenezea ramani, imekuja na mchezo tangu 2002, na ile ramani maarufu ya DotA yenyewe ilijengwa humo humo, kwa askari hawa hawa. Adui wenu wanatii. Shida ni kwamba ninyi hamjui wanatii nini, na badala ya kuuliza mnaongeza triga juu ya triga, yaani maagizo yanayojiendesha tukio fulani likitokea. Kwa hiyo leo someni polepole, na wewe unayependa kuruka mistari, usiruke.

1. Neutral Hostile si jeshi la kushambulia.

Askari wa Neutral Hostile, upande usio wa mchezaji yeyote lakini adui wa wote, ana mahali anapopalinda, yaani pale alipozaliwa au ulipompanga. Utampa amri ya kwenda kwenye ngome, ataondoka, atapigana njiani, kisha atarudi kambini kwake. Ni mbuzi aliyefungwa kamba: anakula hadi kamba inapoishia. Urefu wa kamba hiyo umeandikwa kwenye Gameplay Constants, ukurasa wa vipimo vya mchezo ndani ya World Editor, na wengi wenu hamjawahi kufungua ukurasa ule. Usiku ukiingia, baadhi yao wanalala. Wameumbwa kuwa wanyama wa porini wa kumpa shujaa uzoefu, na kazi hiyo wanaifanya vizuri.

Mawimbi yapeni mchezaji wa kompyuta, mumtangaze kuwa adui wa wote. Akigoma bado, iteni RemoveGuardPosition, amri ya kumwondolea mahali pa kulinda, kwa kila askari anapozaliwa. Na mnaonakili JASS ya zamani, lugha ya kuandikia triga, acheni kuandika namba 12 mkimaanisha Neutral Hostile. Toleo la 1.29 la mwaka 2018 liliongeza wachezaji kutoka 12 hadi 24, na namba ya Neutral Hostile ikahama. Andikeni PLAYER_NEUTRAL_AGGRESSIVE, mtalala usingizi.

2. Kwenda na kushambulia ni amri mbili.

Aliyepewa "move" atapigwa mgongoni hadi afe bila kugeuka. Aliyepewa "attack" kuelekea sehemu fulani atapigana na anaowakuta njiani, kisha ataendelea na safari. Nimeona ramani iliyosifiwa kuwa rahisi kwa sababu ya neno hilo moja tu.

3. Adui anamchagua anayeweza kumdhuru.

Akiwa njiani kwa amri ya kushambulia, mbele yake kuna jengo lisilopigana na kuna shujaa mwenye upinde, atamfuata shujaa. Ndiyo maana mchezaji mjanja anapita mbele ya wimbi, anavuta agro, yaani anawafanya adui wamfuate yeye, anawazungusha wote mbali na ngome. Waliokulia kwenye DotA wanaijua michezo hii ya agro kuliko jina la mtaa wao.

Hapa ndipo nataka mkae chini, kwa sababu dawa mnayoitumia ndiyo tuliyoitumia sisi, na iliniumiza kuliko kosa lolote nililowahi kufanya kwenye ramani.

Tulikuwa na ramani ya kulinda ngome. Rafiki yangu alishika hesabu zote: uhai, nguvu ya mapigo, bei za minara. Mimi nilishika triga. Wachezaji walipoanza kuwazungusha adui, nikaandika triga inayoamka kila sekunde moja: chukua askari wote wa mchezaji wa kompyuta, waamuru washambulie kuelekea katikati ya ngome. Nikajaribu kidogo, nikaona wimbi linaacha kumfuata shujaa, nikaridhika.

Basi ramani ikawa rahisi mno. Demolisher, mashine za kurusha mawe ambazo tuliziweka makusudi zivunje kuta, zilifika ukutani zikasimama tu. Nilimwambia rafiki yangu hesabu zake ni dhaifu. Akaongeza nguvu ya mapigo. Bado. Akaongeza tena, akaongeza na idadi ya askari, akakesha akipanga upya bei za minara ili zilingane. Kila mara alipouliza kama triga ziko sawa, nilimjibu ziko sawa, bila kuzifungua.

Tukaalika vijana waje kucheza. Kompyuta hazikutosha, na mdogo mmoja alikaa nyuma akiangalia tu. Mawimbi ya mwisho yalianza kukwama, picha ikawa inasogea kwa kuruka. Katikati ya makelele yule mdogo akauliza: "Mbona ile mashine inavuta mkono kila mara na haitupi jiwe?"

Nilielewa hapo hapo. Amri mpya inafuta tendo lililokuwa likiendelea. Kila askari anahitaji muda kati ya kuanza kuinua silaha na pigo kufika. Footman, askari wa miguu, ana muda mfupi, aliponyoka mara kwa mara. Demolisher ina muda mrefu: inaanza kuvuta, sekunde inaisha, amri yangu inafika, inaanza upya. Na kule kukwama kulikuwa kwangu pia, maana kila sekunde triga ilitengeneza pointi mpya ya "katikati ya ngome" na kundi jipya la askari, na sikuwahi kuzifuta kwa RemoveLocation wala DestroyGroup. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa inajaa takataka zangu.

Nilipoondoa triga ile, hesabu za rafiki yangu zikaonekana zilivyokuwa kweli: wimbi la pili lilimeza ngome nzima. Kazi yake yote ya kukesha ilikuwa imejengwa juu ya kosa langu. Alianza upya kutoka mwanzo. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo: waamuruni tena wale tu wasio na amri. GetUnitCurrentOrder ikirudisha 0, askari huyo amesimama bure, mpeni njia. Mwenye kazi mwacheni aimalize. Kama mnataka kuzuia kuzungushwa, mpimeni adui aliyetoka mbali sana na njia, mrudisheni huyo mmoja, kisha mwacheni kwa sekunde kadhaa kabla ya kumgusa tena. Na wewe mwenye triga, mwenzako wa hesabu akikuuliza, fungua triga zako mbele yake.

4. Tukio la "kushambuliwa" linalia pigo linapoanza, si linapofika.

Mkiweka uchawi au zawadi hapo, mchezaji atabonyeza kushambulia na kusimama, kushambulia na kusimama, avune bila kupiga hata mara moja. Tumieni tukio la kupata madhara.

5. Umbali wa kugundua adui usiwe mfupi kuliko umbali wa kupiga.

Mpiga upinde wenu mnamwongezea umbali wa kupiga, mnasahau wa kugundua, halafu mnashangaa anamsubiri adui amkaribie.

Mkimaliza kurekebisha, msijaribu ramani peke yenu kwa kukaa ndani ya ngome. Mmoja alinde, mmoja achukue shujaa mwenye mbio na kazi yake iwe kuwasumbua adui tu, na wa tatu asicheze kabisa, akae nyuma aangalie mikono ya askari. Akiona silaha inainuliwa mara mbili bila pigo, simamisheni mchezo hapo hapo, fungueni triga zote zinazojirudia kwa muda, mzizime moja moja hadi mumpate mkosaji.